Mtoto Aliye Nyumbani Hutumwa

Msikilizaji wangu, leo nina habari ya sweta.

Ni sweta ya shule, ya kijani kibichi, shingo imelegea, kiwiko cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ilinunuliwa kubwa, ya kukulia, kama tununuavyo wote. Mwenyewe alikuwa na miaka saba wakati ule. Sasa ana kumi na miwili, na mikono ya sweta inaishia mbali na viganja. Huivaa kila siku ya juma kabla ya saa mbili asubuhi, akaketi mezani, akafungua daftari. Meza yenyewe iko sebuleni kwao. Shule yenye sweta hiyo hajaikanyaga tangu Machi mwaka 2020.

Nyumba yao iko upande wetu wa mto Suam, ukitoka Kitale ukishaipita Endebess, pale ambapo simu huanza kukukaribisha Uganda na wewe bado unakanyaga udongo wa Trans Nzoia. Sitawataja kwa jina, na sababu utaisikia nikifika kwenye habari ya chifu. Baba ni Mbukusu wa Kimilili, mfanyabiashara wa nafaka. Leo yuko ng'ambo Bukwo, kesho yuko soko la Chwele kule Bungoma. Mama ni Msabaoti wa upande wa Cheptais. Alisomea ualimu wa shule ya msingi, akapata cheti cha P1, akangoja kuajiriwa na tume ya walimu, TSC, mpaka akachoka kungoja. Wana watoto watatu: kijana wa sweta, dada yake wa miaka kumi, na kitindamimba wa miaka sita.

Nilipomuuliza mama huyo jambo gumu kuliko yote katika kuwafundishia watoto nyumbani, nilikuwa nimeshajiandalia majibu kichwani. Nilidhani atataja hesabu za gredi za juu, au bei ya vitabu, au intaneti inayokatika wingu likishuka mlimani. Akacheka. Akaniambia, "Ndugu yangu, kufundisha si kazi. Kazi ni kuwazuia watu wasiwatume."

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Kwetu sisi mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bure. Atatumwa kiberiti. Atatumwa amwite fulani. Atashikishwa ndama, atampelekea kukhu, nyanya yake, maziwa, atakimbia kwenye mashine ya kusaga na debe kichwani. Wala si ukatili. Ndivyo tulivyolelewa, na mtoto asiyetumika tunamwona hana adabu. Lakini mtoto wa shule ana msamaha wake. Kuanzia asubuhi hadi alasiri hayupo, basi, kijiji kizima kinajitumia chenyewe. Aliyebaki nyumbani hana msamaha huo. Jirani akimwona barazani ameinamia kitabu haoni mwanafunzi. Anaona miguu miwili isiyo na kazi. Na utalisikia lile neno linaloua masomo ya nyumbani kuliko ukosefu wa vitabu: "Si yuko tu?"

Yuko tu. Nishikie huyo kijana anisaidie kupakia magunia, si yuko tu? Msichana na amwangalie mtoto wangu nikienda sokoni, si yuko tu? Mama akijibu kwamba wanasoma, watu wanatabasamu kwa heshima na kuketi kumsubiri mtoto amalize sentensi.

Hapo ndipo sweta ilipoingia. Asubuhi moja, bila kupanga sana, mama aliwavisha watoto sare zao za zamani na kuwarudisha mezani. Mzee mmoja wa jirani alikuja kuomba kijana amshikie ng'ombe apulizwe dawa ya kupe. Akafika mlangoni, akaona kijani kibichi, akasita. "Ah, kumbe wako shule," akasema, akarudi zake. Maneno ya mwalimu mwenye cheti hayakumzuia kwa miezi kadhaa. Kitambaa kilimzuia siku moja. Tangu hapo sweta ndiyo kengele ya nyumba ile. Ikivaliwa saa mbili, duka limefungwa. Ikivuliwa saa sita u nusu, mtoto ni mali ya umma tena.

Wengi wetu tunajua hali hii kuliko tunavyokiri, maana mwaka 2020 Wakenya wote wenye watoto tulifanywa walimu kwa amri. Jumapili ya tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Waliobaki wakangoja hadi Januari 4, 2021. Taasisi ya kuandaa mitaala, KICD, ikapeleka masomo hewani kupitia KBC, na redio hii unayoisikiliza kwa ajili ya muziki na matangazo ya vifo ikawa darasa. Nakumbuka mimi mwenyewe hapa Kitale nilibandika ratiba ukutani, nikanunua betri mpya, nikawapanga wanangu mbele ya redio kama kwaya. Ilidumu mpaka Juni. Ukiniuliza nani aliyelivunja darasa lile, sitamlaumu Waziri wala mtangazaji. Nililivunja mimi. Somo la sayansi lilikuwa katikati, mtangazaji anaeleza mizizi ya mmea, nami nikasema, "Hebu mmoja wenu akimbie aniletee mkate." Wakaenda wote watatu. Kesho yake nikatuma tena.

Ng'ambo ya mto hali ilikuwa nzito zaidi. Uganda ilifunga shule mwezi huo huo wa Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 10, 2022, karibu miaka miwili, kufungwa kurefu kuliko kote duniani. Suam si mto mpana. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka kwa kurukia mawe. Basi kwa sehemu kubwa ya mwaka 2021, watoto wa upande huu walivaa sweta wakaenda shule, na binamu zao Wasabiny wa upande ule wakasimama ukingoni wakiwatazama. Watu wa mpakani watakuambia wenyewe kwamba baadhi ya waliosimama pale hawakuwahi kurudi darasani. Wavulana walizoea fedha za kupakia na kupakua. Wasichana wengine waliolewa, wengine wakapata mimba. Huko ndiko kukaa nyumbani kusiko na mtu wa kusema, "Keti, soma."

Familia yetu hii ya sweta, shule zilipofunguliwa, iliamua kutorudi. Mama anasema watoto walikuwa wamesoma zaidi katika miezi ile kuliko miaka ya darasa la watoto themanini. Mimi nadhani kuna sababu nyingine pia, ambayo aliigusia tu akimimina chai. Alipokuwa msichana, vita vya ardhi vya Mlima Elgon vya mwaka 2006 hadi 2008 viliwafukuza kwao. Mjomba wake aliyekuwa amewapokea kule Chwele aliwakusanya watoto chini ya mti kila asubuhi, na mkaa, na ubao wa mlango mbovu, akawafundisha muhula mzima. Ni yule mjomba aliyemfanya awe mwalimu. Mtu aliyeokolewa na darasa la chini ya mti hawezi kuamini sana kwamba elimu inahitaji lango.

Siku yao huanza gizani, kwa baridi ya Elgon inayoingia chini ya mlango. Kijana anakamua ng'ombe mmoja, msichana anawasha moto, baba akiwepo anapeleka maziwa barabarani. Chai, viazi vitamu vilivyolala. Saa mbili, sweta. Ratiba imeandikwa nyuma ya kalenda ya zamani ya kampuni ya mbegu, na haina mambo mengi: hesabu kwanza vichwa vikiwa baridi, halafu Kiingereza, halafu Kiswahili. Kitindamimba anahesabu punje za mahindi, na akichoka anazila. Vitabu ni vile vile vya mtaala wa umilisi, wanavyonunua Kitale. Mama hana maabara, hana kompyuta. Ana simu moja ambayo pia ni ya biashara, ikilia somo linakatika na bei ya maharagwe inaingia darasani.

Siku moja bei hiyo ikageuzwa somo, nami nilikuwepo. Chukua mfano ambao mama aliwapa: kilo ya maharagwe ng'ambo ni shilingi 3,000 za Uganda, gunia ni la kilo 90. Kijana akaandika 270,000. Sasa, mama akauliza, hizo ni ngapi zetu? Kijana akauliza swali ambalo mtoto wa mjini hangeuliza: "Kwa bei ya nani?" Maana pale mpakani wabadilishaji fedha hawakubaliani. Akipata shilingi 28 za Uganda kwa moja yetu, gunia linagharimu 9,643. Akipewa 27, ni elfu kumi kamili. Tofauti ya shilingi 357. Kijana akatazama juu, akahesabu magunia kumi ambayo baba yake alileta juma lililopita, akamgeukia: "Papa, walikubadilishia ngapi?"

Baba alinyamaza. Akanywa chai. Hatimaye akasema ishirini na saba. Sijawahi kuona hesabu ya kugawanya ikiingia moyoni mwa nyumba namna ile.

Ningeweza kusimama hapo na kusema, mnaona, maisha yenyewe ni shule. Wengi husema hivyo na kupigiwa makofi. Mimi nimechoka na kauli hiyo. Kwenye ghala la nafaka karibu na pale yuko kijana wa umri ule ule anayepakia magunia ya maharagwe hayo hayo kutwa nzima. Anashika fedha za nchi mbili, anajua bei kuliko mimi na wewe. Na hawezi kugawanya. Hakuna mtu mzima aliyewahi kusimama katikati ya kazi yake akamuuliza, "Kwa nini elfu kumi?" Magunia ni yale yale. Mmoja anasoma, mwingine anatumikishwa, na kinachowatenganisha ni mama aliyekubali kupoteza asubuhi yake nzima kwa ajili ya maswali. Ukimnyima mtoto huyo mtu wa kumuuliza, usiniambie anasomea nyumbani.

Alasiri ndipo darasa linapotoka nje. Wiki ile walikuwa na somo la mto. Mvua ikinyesha mlimani upande huu inashuka na Suam, mto unabadili jina huko mbele unaitwa Turkwel, unakutana na bwawa lenye ukuta wa mita 153, unazungusha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1991, kisha unakwenda kuishia Ziwa Turkana, jangwani. Ikinyesha upande wa Bungoma inaingia mto Kuywa, Kuywa inamwaga Nzoia, Nzoia inamwaga Ziwa Victoria, na kutoka hapo ni Nile hadi Misri. Mlima mmoja, matone mawili, yasiyoonana tena. Msichana aliyasikiliza yote akauliza, "Sasa maji yetu yanawasha umeme huko, na sisi tunawasha sola?" Mama akamwambia aliandike swali hilo kwa Kiswahili, ukurasa mzima. Hata mimi ningependa kusoma jibu.

Mara moja kwa muhula wanapanda matatu hadi makumbusho ya Kitale, kuangalia vipepeo na wadudu wengine aliowakusanya Kanali Stoneham enzi za wakoloni. Kitindamimba huogopa nyoka wa pale na bado hudai kurudi kuwaona tena na tena.

Sasa chifu. Alikuja kwa upole, na mzee wa nyumba kumi nyuma yake, akakaribishwa chai. Kilichomleta ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo katika vifungu vya 28 na 30 inamtaka kila mtoto awe shuleni na kumlazimu mzazi ampeleke. Asiyefanya hivyo anatenda kosa. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Kakamega alikamatwa kwa sababu ya kuwafundishia watoto wake nyumbani, na hoja hiyo ikafika hadi Mahakama Kuu. Vifungu hivyo bado vimo. Chifu hakuja na pingu. Alikuja na mfano. "Mwalimu," akamwambia mama, "mzee Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Babu mzima, amevaa kaptura, anatafuta dawati. Wewe unamtoa mtoto wa miaka kumi na miwili?"

Msikilizaji, mimi sikucheka. Chifu amewaona watoto wa magunia. Kila anayemficha mtoto kwenye ng'ombe au jikoni kwa watu humwambia, "Anasomea nyumbani." Sheria haiwezi kuingia kila sebule kuhesabu maswali, ndiyo maana inahesabu madawati. Nadhani iko pana kupita kiasi, na ingefaa kuwepo njia ya mwalimu kama huyu kusajiliwa na kukaguliwa. Lakini woga wa chifu si wa bure.

Na mtihani uko mlangoni. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, nao ulikuwa wa siku chache: mtoto aliyejitayarisha popote angeweza kutafutiwa shule ya kuufanyia. Lakini tathmini ya gredi ya sita, KPSEA, inabeba asilimia 40 tu ya alama. Asilimia 60 ni kazi za gredi ya nne, ya tano na ya sita, zinazopimwa na kutumwa na shule. Kijana wa sweta hana hata moja. Mwalimu mkuu mmoja amekubali kumpokea, kwa sharti aanzie gredi ya nne, akae na watoto wa miaka tisa. Baba anataka. Mama hataki, na usiku wanalibishania jambo hilo kwa sauti ya chini, watoto wakijifanya wamelala.

Kuna mengine yanayokosekana ambayo mama mwenyewe aliyataja bila kuulizwa. Kijana hana timu ya mpira. Mwaka jana alipougua malaria yeye mama, shule ilifungwa wiki mbili, kwa kuwa mwalimu wa zamu ni yeye, mwalimu mkuu ni yeye, na mpishi ni yeye. Msichana hana rafiki wa kugombana naye. Anawafundisha kuku, kwa ukali kweli kweli.

Nilibaki kwao hadi asubuhi ya pili, na hapo niliona kile ambacho sweta haikuweza. Saa tatu na nusu, katikati ya hesabu, chungu cha mahindi na maharagwe kilianza kufurika. Kijana hakuinua kichwa. Mama naye hakumwangalia kijana. Alisema tu, akiendelea kusahihisha daftari, "Hebu kaangalie moto," na msichana akainuka kabla jina lake halijatajwa. Akarudi baada ya robo saa. Saa nne akaenda tena, kwa ajili ya kitindamimba. Saa tano, vyombo. Sweta yake ni mpya kuliko ya kaka yake, kijani kile kile, imezuia kijiji kizima isipokuwa mtu mmoja.

Nilisita kumwambia. Kisha nikamwambia. Mama aliliweka daftari chini, akahesabu kwa vidole: mara tatu. Akatazama jikoni kwa muda. "Wa kwanza kuwatuma nilikuwa mimi," akasema. Mchana ule ule alichukua kalamu akaongeza mstari kwenye ratiba, nyuma ya kalenda: chungu ni cha kijana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na hakibandikwi kabla ya saa sita.

Basi ukipita njia ile ya Suam asubuhi, ukaona barazani mtoto mwenye sweta ya kijani iliyomwishia kwenye mikono, au dada yake kando yake ameshika kalamu, tafadhali usimtume. Na wewe mzazi uliye na mtoto mezani jioni hii anafanya kazi ya shule huku unanisikiliza, mkate unaoutaka, inuka ukaununue mwenyewe.